Nani anamtoa kitandani?

Hafla za kugawa viti mwendo zina utaratibu wake, na msomaji wa magazeti anaujua kwa moyo. Turubai limefungwa, mgeni rasmi amechelewa, viti vimepangwa mstari vikiwa bado na nailoni yake, kisha hotuba na picha. Kesho yake tunasoma kwamba watu kadhaa wamewezeshwa. Sina ugomvi na viti hivyo. Anayekihitaji na akakipata amepata kitu kikubwa. Ninachokikosa katika hotuba zote ni swali dogo la kinyumbani: mtu aliyevunjika uti wa mgongo sehemu ya shingo, ambaye mikono yake haina nguvu ya kujiinua, anafikaje kwenye hicho kiti? Kati ya kitanda na kiti pana nusu mita. Nusu mita hiyo huvukwa kwa migongo ya watu wengine: mke, mama, binti wa kidato cha pili kabla hajaenda shule, kijana wa jirani anayeitwa kwa kupigiwa kelele dirishani. Siku wasipokuwepo, kiti kinageuka mahali pa kutundikia nguo.

Hoja yangu ni moja. Kifaa cha kumnyanyulia mtu kihesabiwe kuwa pacha wa kiti mwendo. Kwa kila mtu asiyeweza kujihamisha, kitolewe pamoja na kiti, kilipiwe na mfuko ule ule na kiangaliwe na fundi yule yule. Kwa kuwa wengi hawajakiona, nikieleze. Ni winchi ndogo: mlingoti wa chuma uliosimama juu ya miguu miwili yenye magurudumu, miguu inayoweza kupanuliwa ili ikizunguke kiti au iingie chini ya kitanda. Juu ya mlingoti kuna mkono, na mwisho wa mkono kuna chuma kifupi chenye kulabu. Mtu hugeuzwa ubavu, akapitishiwa chini yake kitambaa imara chenye vitanzi, vitanzi vikaangikwa kwenye kulabu. Kisha mhudumu hupampu mpini, au hubonyeza kitufe kama winchi ni ya betri, na mwili ukapanda taratibu. Kitambaa hicho, neno letu lililo karibu nacho ni mbeleko. Lina mtego wake, maana mbeleko ni ya mtoto mchanga. Nitalitumia, ila tukumbuke kwamba anayebebwa hapa huenda ni mwalimu mkuu mstaafu au dereva wa lori, mwenye kura yake na madeni yake kama sisi sote.

Tuanze na uzito, kwa sababu uzito haubembelezeki. Mwaka 2007 Thomas Waters, mtafiti wa NIOSH, taasisi ya Marekani inayochunguza usalama na afya kazini, alipendekeza kikomo cha pauni 35, yaani kama kilo 16, kwa mhudumu anayemnyanyua mgonjwa kwa mikono. Tena hapo mgonjwa awe ametulia na nafasi iwe nzuri. Kilo 16 ni pungufu ya ndoo ya lita 20 iliyojaa maji. Watoto wengi huupita uzito huo kabla hawajaanza darasa la kwanza. Kwa hiyo mama wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo asiyeweza kusimama huvuka kikomo hicho mapema, na kuanzia hapo kila mwaka mtoto anaongezeka huku mama akizeeka. Mtu mzima wa kilo 60 ni karibu mara nne ya kikomo hicho.

Nitajibiwa kwamba mama zetu hubeba ndoo hizo kichwani kila siku, na mzigo wa kuni juu yake, wala hawajasikia habari ya pauni 35. Ni kweli kwamba wanabeba. Lakini mzigo wa kichwani umekaa wima juu ya uti wa mgongo, na hata hivyo shingo na viungo havikosi kudai malipo yake uzeeni. Anayemtoa mtu kitandani ameinama, mikono ameinyoosha mbele, mzigo uko mbali na kiuno chake. Na kadiri mzigo unavyokuwa mbali na mwili ndivyo pingili za kiunoni zinavyobanwa kwa nguvu inayouzidi uzito wenyewe mara nyingi. Isitoshe, mfuko wa saruji wa kilo 50 haushtuki. Misuli ya mtu aliyepooza inaweza kukakamaa ghafla katikati ya safari, miguu ikajinyoosha, naye kwa hofu akaing'ang'ania shingo ya anayembeba. Wapagazi wa saruji hupokezana, hupumzika, hulipwa kwa mfuko. Mke wa mtu aliyepooza hana wa kupokezana naye, na kazi yake inajirudia asubuhi, mchana na usiku, mwaka baada ya mwaka.

Huo ni upande wa anayenyanyua, na ndio upande unaosemwa mara nyingi, kwa sababu maumivu ya mgongo ya mtu mwenye afya huonekana kuwa hasara. Upande wa anayenyanyuliwa huzungumzwa kwa nadra. Anashikwa makwapani na mabega yake, ambayo baada ya kiharusi hulegea na kuteguka kwa urahisi, yanavutwa. Matako na visigino vyake vinaburuzwa juu ya shuka, na ngozi isiyohisi maumivu haina namna ya kupiga kelele. Mchubuko mdogo ni mlango wa vidonda vya kulalia, na anayejua vidonda hivyo anajua kwamba vinaweza kufika mfupani na kuua. Kuna jingine la kimyakimya zaidi: mtu anaanza kujihesabu. Akijua kwamba kila safari ya chooni ni mgongo wa mama yake, anakunywa maji kidogo ili asimwite. Anaacha kuomba kutoka barazani jioni. Akialikwa harusini anasema hajisikii vizuri. Kwa watu wa nje inaonekana ni tabia ya upole na kuridhika. Kumbe amekwisha kupiga hesabu ya kile ambacho migongo ya nyumba yake inaweza kutoa kwa siku, na amejipunguza hadi akaenea humo.

Winchi si ngeni kwa baadhi ya Waafrika Mashariki, na hapo ndipo penye kichekesho kichungu. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuajiri wauguzi, na mwaka 2022 Uingereza ikawafungulia walezi wa kutoka nje viza ya wahudumu wa afya, kabla ya kuwafungia mlango huo mwaka 2025. Watu wetu waliokwenda huko kufanya kazi katika nyumba za wazee na majumbani mwa watu wamefundishwa winchi kama mambo ya awali kabisa. Kanuni za huko za mwaka 1992 zinamtaka mwajiri aepushe, kadiri inavyowezekana, unyanyuaji wa mikono unaoweza kumuumiza mfanyakazi. Kumbeba mteja kwa kumshika makwapa kunaweza kumponza mtu kazini. Mlezi huyo huyo akirudi likizo anamkuta shangazi yake aliyepata kiharusi akinyanyuliwa namna ile ile aliyokatazwa, na hana la kufanya ila kuvua koti na kusaidia. Ujuzi tunao basi, tena tumewauzia wengine. Kifaa ndicho hatuna.

Pingamizi zito kuliko yote si la fedha. Linasema kwamba mashine ni baridi. Kwamba sisi hutunzana kwa mikono, na kumning'iniza mzazi kwenye kulabu kama ng'ombe buchani ni kumvunjia heshima. Sitaki kulipuuza, kwa sababu waliomo ndani ya mbeleko wenyewe husema mara ya kwanza inatisha: unayumba, miguu haina pa kukanyaga, unatazama dari huku watu wawili wakizungumza juu yako. Tena historia ya Uingereza yenyewe inatoa onyo. Baadhi ya halmashauri huko, kwa kuogopa migongo ya wafanyakazi na kesi za fidia, ziliteleza kutoka kwenye tahadhari hadi kwenye marufuku: hapana kunyanyua kwa mikono, basi. Mgogoro mmoja wa namna hiyo ulifika Mahakama Kuu mwaka 2003. Dada wawili wenye ulemavu mkubwa wa mwili na akili, wakitunzwa nyumbani na wazazi wao katika eneo la East Sussex, walikuwa wakikosa hata safari za dukani na kuogelea kwa sababu wahudumu hawakuruhusiwa kuwanyanyua. Jaji Munby alisema marufuku ya jumla, isiyomtazama mtu mmoja mmoja na mahitaji yake, haiendani na sheria. Heshima ya anayenyanyuliwa na usalama wa anayenyanyua vyote viwekwe mizanini.

Wanaopinga winchi huishia hapo katika kuisimulia kesi hiyo, kana kwamba mikono ilishinda. Haikuwa hivyo. Jaji huyo huyo aliwaonya watu wasikimbilie kudhani kwamba kubebwa kwa mikono daima kuna heshima zaidi kuliko kifaa. Na akitafakari mtu atakiri. Kuna heshima gani baba mtu mzima kukumbatiwa kifuani na mkwewe, au kijana wa miaka 20 kubebwa uchi na vijana wawili wa mtaani kwa kuwa dada yake hamuwezi? Kwa utamaduni wetu, wenye mipaka ya nani amguse nani, kifaa kinaweza kuilinda stara kuliko mikono inavyoweza. Baridi inayolalamikiwa haitoki kwenye chuma. Inatoka kwa mhudumu asiyeomba ruhusa, asiyesema "sasa nakuinua", anayemwacha mtu hewani huku akipokea simu. Huyo angekuwa baridi hata kwa mikono yake mwenyewe.

Kifaa kina madhara yake, na anayekitetea bila kuyataja anadanganya. Mbeleko kubwa kupita mwili humwaga mtu. Ndogo humkata mapajani. Kitanzi kisipokaa vizuri kwenye kulabu, au miguu ya winchi isipopanuliwa kabla ya kuinua, mtu anaweza kuanguka, na wapo waliokufa hivyo. Winchi nyingi za sakafuni zinataka watu wawili, mmoja aiongoze na mwingine amwangalie anayepanda. Pale ambapo winchi ndiyo njia pekee inayoruhusiwa, betri ikifa au mhudumu wa pili asipotokea, mtu anabaki kitandani siku nzima, na huo nao ni ufungwa. Ndiyo maana nasema kifaa pamoja na fundi, pamoja na mafunzo, na zaidi ya yote pamoja na amri ya mwenye mwili: yeye ndiye aseme lini, polepole kiasi gani, na nani asimguse. Jina linalotajwa zaidi katika historia ya winchi hizi ni la Ted Hoyer wa Oshkosh, katika jimbo la Wisconsin, Marekani, ambaye mwenyewe alipooza kwa ajali akiwa kijana. Kifaa kilianza kama haja ya aliyelala, kabla ya waajiri kukifanya kinga ya bima zao. Tukikileta, tukilete kwa maana ile ya kwanza.

Sasa fedha, umeme na nyumba. Umeme nauondoa haraka: zipo winchi za haidroliki zinazopampiwa kwa mkono, ndugu wa jeki ya gari na wa kreni inayong'olea injini gereji. Fundi wa gereji anayebadilisha mpira wa jeki anaweza kufundishwa kuitunza. Nasema kuitunza, sisemi kuibuni chini ya mwembe. Vifaa hivi vina kiwango chake cha kimataifa, ISO 10535, na mbeleko iliyoshonwa kwa turubai la lori haijapimwa na mtu. Nyumba ni tatizo la kweli zaidi. Winchi haipiti katika chumba cha futi kumi kwa kumi chenye kitanda, kabati na jiko la gesi. Vitanda vyetu vingi vya mbao vina ubao hadi chini, kwa hiyo miguu ya winchi haina pa kuingilia. Magurudumu madogo hukwama kwenye udongo na kwenye zulia. Lakini kitanda kinaweza kupandishwa juu ya matofali, zulia likakunjwa, kabati likahamishwa. Na pasipowezekana kabisa, kuna fremu inayosimama yenyewe juu ya kitanda na kuning'iniza reli, isiyodai nafasi ya kuzunguka wala dari ya zege. Ziko nyumba ambazo hata hiyo haitatosha. Kutokumsaidia jirani kwa kuwa hatuwezi kumsaidia kila mtu mtaani ni hesabu ya ajabu.

Bei ni kubwa, naam, kuliko ya kiti mwendo cha kawaida. Lakini wanaosema familia inaifanya kazi hii bure hawajauliza ni nani katika familia. Ni mwanamke, mara nyingi, na aliyeacha genge lake au mashine yake ya kushona ili awepo saa za kunyanyua. Ni mtoto anayechelewa shule. Mgongo wa mwanamke huyo ukiharibika, nyumba iliyokuwa na mgonjwa mmoja inakuwa na wawili, na wa kwanza anarudi hospitali na vidonda ambavyo matibabu yake huchukua miezi. Wengine husema heri kuajiri kijana wa kubeba, ajira nazo zipatikane. Aajiriwe, atakuwa yule mhudumu wa pili wa winchi, atafanya kazi hiyo miaka mingi badala ya miwili.

Kwa upande wa sheria tulikwisha kuahidi. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Ibara yake ya 20 inazitaka nchi ziwarahisishie watu kupata vifaa saidizi vilivyo bora, kwa bei wanayoimudu. Jumuiya ya Afrika Mashariki, katika Jedwali la Tano la Sheria yake ya Usimamizi wa Forodha ya mwaka 2004, imesamehe ushuru kwa vifaa vilivyotengenezwa mahususi kwa watu wenye ulemavu. Tatizo linaanzia kwenye kutokukumbukwa. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya vifaa saidizi 50 vya kipaumbele, ambayo nchi nyingi huitumia kama kielelezo. Vimo viti mwendo vya aina mbalimbali, magodoro ya kuzuia vidonda, viti vya kuogea, hata saa zinazosema. Winchi ya kunyanyulia mtu haimo. Waandishi wa orodha walisema wazi kwamba ni mwanzo tu, na kila nchi itengeneze yake. Lakini serikali ikinakili orodha inanakili pia pengo lake. Miaka sita baadaye shirika hilo na UNICEF wakaripoti kwamba zaidi ya watu bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, na kwamba karibu bilioni moja hawavipati. Katika baadhi ya nchi maskini anayepata ni asilimia 3 ya wenye haja. Kifaa ambacho hakimo hata kwenye orodha, wanaokikosa nani atawahesabu?

Wakati wa kurekebisha ni huu. Tanzania ina Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, na Kenya ilitunga Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii mwaka huo huo. Pande zote mbili mjadala wa nini kilipiwe na nini kisilipiwe bado ni wa moto. Siombi kila nyumba inunuliwe winchi kesho. Hospitali za rufaa za mikoa, na zile za kaunti, ziwe na akiba ya kuazimisha: mtu aende nayo nyumbani, airudishe hali yake ikibadilika, fundi wa hospitali aikague kila baada ya miezi kadhaa. Wodi zinazopokea waliovunjika uti wa mgongo, ambao wengi wao siku hizi wanatokea kwenye ajali za barabarani, bodaboda zikiwemo, ndiko pa kuanzia. Ndugu anayelala wodini kumuuguza mtu wake yupo pale wiki nyingi. Afundishwe winchi badala ya kuachwa ajifunze kwa kuangalia wauguzi waliochoka wakibeba kwa shuka.

Na fomu ya kumruhusu mgonjwa iongezwe mstari mmoja baada ya ule wa dawa na ule wa tarehe ya kurudi kliniki: atanyanyuliwa na nani, kwa kifaa gani? Mganga ajaze kabla ya kutia saini. Mstari huo ukibaki wazi, mgonjwa hajawa tayari kwenda nyumbani.